Njia ya Santiago: zamani walibeba mawe, leo wanabeba takataka

Kaskazini mwa Hispania kuna njia ya miguu ambayo Wakristo wa Ulaya wanaifuata tangu zaidi ya miaka 1,000. Inafika Santiago de Compostela, mji ambamo, kwa imani ya Kanisa Katoliki, alizikwa mtume Yakobo. Tawi lake linalojulikana zaidi linaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, na lina karibu kilometa 800. Kwa mtembeaji wa kawaida, hiyo ni safari ya mwezi mzima.

Siku hizi kati ya mahujaji hao wapo wanaotembea na mfuko mtupu mkononi. Wanainama, wanaokota chupa ya plastiki, karatasi ya choo, ganda la biskuti, kisha wanaendelea. Jioni wanamwaga yote ndani ya pubele ya kijiji wanapolala. Wakubwa wetu watakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, lakini salongo ilikuwa amri ya serikali. Hawa hawakuamriwa na mtu.

Kubeba mzigo usio wako si jambo geni kwenye njia hiyo. Codex Calixtinus, kitabu cha karne ya 12, kinaeleza kwamba mahujaji wakifika Triacastela, kila mmoja alichukua jiwe la chokaa na kulibeba hadi Castañeda, mwendo wa siku kadhaa. Huko mawe yalichomwa ili kupata chokaa ya kujengea kanisa kuu la Santiago. Fikiria mtu ametoka mbali, miguu imechubuka, halafu anaongezewa jiwe. Na walibeba. Kitabu hicho kinataja pia kijito kilicho karibu na Santiago, panapoitwa leo Lavacolla, ambapo mahujaji walivua nguo na kuoga kabla ya kuingia mjini.

Baadaye njia ilififia. Mwaka wa 1986 vyeti vya hija vilivyotolewa Santiago vilikuwa vichache tu. Mmoja wa waliofanya kazi kubwa kuifufua ni padri Elías Valiña, wa parokia ya O Cebreiro huko milimani. Miaka ya 1980 alizunguka na rangi ya manjano akichora mishale kwenye miti, mawe na kuta, ili msafiri asipotee. Mwaka wa 1987 Baraza la Ulaya liliitangaza njia hiyo kuwa ya kwanza kati ya njia za utamaduni za bara hilo. Padri Valiña alifariki mwaka wa 1989. Mwaka wa 1993 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia, na mwaka wa 2024 vyeti vilikaribia 500,000.

Umati huo ndio ulioleta uchafu. Ili kupata cheti, anayekwenda kwa miguu anatakiwa kutembea angalau kilometa 100, kwa hiyo wengi wanaanzia Sarria, na kipande hicho ndicho kinachojaa watu kuliko vingine. Halafu kuna uzito. Familia zilizokimbia vijiji vyao na godoro kichwani hazihitaji kuelezwa: kilo moja ya asubuhi, jioni inakuwa kumi. Hujaji naye anaanza kuacha vitu, leo suruali, kesho viatu. Tofauti ni kwamba yeye alichagua kutembea.

Wanaobaki na takataka hizo ni wakaaji. Katika nyanda za Castilla vijana wengi wamehamia mijini, na vijiji vingi vimebaki na wazee wachache. Si haki mzee wa hapo asafishe nyuma ya watu ambao hatawaona tena. Mwenye mfuko mkononi anampunguzia kidogo.

Kuna mahali ambapo kuokota kunakuwa kugumu. Cruz de Ferro ni msalaba mdogo wa chuma juu ya nguzo ndefu ya mti, kwenye mlima wa karibu mita 1,500, na chini yake kuna rundo la mawe. Kwa desturi, kila hujaji analeta jiwe kutoka kwao na kuliweka hapo. Sasa watu wanaacha pia soksi, utepe, barua, na picha za marehemu wao. Soksi iliyochakaa ni takataka, hakuna ubishi. Lakini picha ya mtoto aliyekufa, iliyobebwa tangu nyumbani, nani ataitia mfukoni na kuipeleka kwenye pubele?