Rekoda: Kutoka Jumba la Mfalme Hadi Darasa la Muziki



Iko dharau moja ambayo nimeisikia kwa wazee wa shule hii na kwa wanafunzi vilevile, kwamba rekoda ni mchezo wa watoto, na kwamba anayetaka muziki wa kweli ashike gitaa au kinanda. Nasema rekoda ile filimbi, wala si mashine ya kunasia sauti. Mimi nilifundishwa kuipiga hapa hapa shuleni katika miaka ya 1990, na kwa kuwa chuo kikuu nilisoma historia, napenda kueleza kwa nini dharau hiyo haina msingi.

Jina lenyewe ni la kale. Katika daftari la matumizi ya nyumba ya bwana mmoja wa Uingereza, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Henry wa Nne, imeandikwa mwaka 1388 filimbi yenye jina hilo. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kukumbuka, na katika Kiingereza cha zamani ilikuwa ni kukariri wimbo mpaka ukae moyoni. Yaani ni ala ya mwanafunzi tangu jina.

Wala haikuwa ya wanyonge. Mfalme Henry wa Nane alipofariki mwaka 1547 mali yake ilihesabiwa (sisi watumishi wa serikali twajua hesabu za namna hiyo zisivyo na huruma), na zikakutwa rekoda 76. Huko Venice, Ganassi alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu kizima cha kuipiga mwaka 1535, akimtaka mpigaji aige sauti ya mwanadamu. Bach naye aliipa kazi kubwa katika utungo wa pili na wa nne kati ya zile tungo sita alizomtunukia mtawala wa Brandenburg mwaka 1721.

Basi ilianguka kwa nini? Kwa sababu ile ile inayomsumbua mwanafunzi anayeanza leo. Mpiga filimbi ya kushikwa kando huiunda sauti kwa midomo yake. Katika rekoda, pumzi hupita katika upenyo mwembamba uliokwisha kuchongwa, ikapiga ukingo mkali, na midomo haina la kufanya. Ndiyo maana mtoto hutoa sauti siku ya kwanza. Lakini ndiyo maana pia ukipuliza kwa nguvu noti hupanda ikapotoka, na ukilegeza pumzi hushuka. Kumbi zilipopanuka na wanamuziki wakataka ala iwezayo kunguruma na kunong'ona, rekoda haikufua dafu. Kufikia katikati ya karne ya 18 filimbi ya kando ilikuwa imeitwalia nafasi yake.

Mwalimu wetu aliijua vizuri siri hiyo. Alipoona darasa zima tunapuliza kana kwamba tunachochea moto wa kuni, aliagiza rekoda ziwekwe juu ya meza, akatutaka tutamke "du, du, du" kwa kunong'ona, kila mmoja akiweka kiganja mbele ya mdomo apime joto la pumzi yake. Tulicheka sana. Ila noti B, ambayo ni kidole gumba na kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto tu, ilitoka safi siku iliyofuata.

Aliyeifufua ni Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza. Mwaka 1919 mwanawe mdogo, Carl, alisahau mfuko wenye rekoda yao ya kale katika stesheni ya Waterloo, London. Haikuonekana, na mzee akaanza kuchonga nyingine. Katika miaka ya 1930 Edgar Hunt na wenzake wakaipeleka katika shule za Uingereza, na baada ya vita vya 1939 hadi 1945 zikaanza kutolewa za plastiki. Kwetu Kenya zilienea chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, muziki ulipotahiniwa katika shule za msingi.

Sasa neno kwa wazee wenzangu wanaopenda kuizawadia shule ala. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Peter Harlan alibadili matundu ili noti F iwe rahisi kwa anayeanza. F ikawa rahisi kweli, lakini F iliyopandishwa nusu ikaharibika, na mwanafunzi hulipa deni hilo mwaka wa pili. Kuchanganya aina hizo mbili katika darasa moja ni kumtesa mwalimu bure. Kabla hujalipa, hesabu matundu ya mbele kuanzia mdomoni. La tano likiwa dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani, irudishe. La nne likiwa dogo kuliko la tano, hiyo ndiyo ya kununua.