Mvua inayokaribiana, mavuno tofauti: Rayners Lane na Kongwa

Eneo la Rayners Lane, kaskazini magharibi mwa London, halifanani na Kongwa, katikati mwa Tanzania, isipokuwa kwa jambo moja. London hupata mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, na nyanda za Dodoma, iliko Kongwa, hupata kiasi kinachokaribia hicho.

Tofauti ni majira. Dodoma mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu na jua kali. London mvua husambaa mwaka mzima, na baridi huchelewesha ardhi kukauka.

Bustani za vita

Kituo cha reli cha Rayners Lane kilifunguliwa mwaka 1906, katikati ya mashamba. Katika miaka ya 1930 zilijengwa nyumba nyingi, zenye bustani zake.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka mwaka 1939, Uingereza ilikuwa ikiagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo. Nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za shehena, vitunguu vikaadimika na ndizi zikatoweka madukani. Serikali ikawahimiza wakazi wa vitongoji kote nchini wang'oe maua na kupanda viazi, kabichi na karoti.

Mifereji ya umwagiliaji haikuhitajika. Udongo wa mfinyanzi wa London ni mzito kulima, lakini hushika maji. Mkulima huutifua majira ya vuli na kuutia samadi, na baridi kali huyavunja mabonge kabla ya msimu wa kupanda.

Karanga za Kongwa

Vita vilipomalizika, uhaba wa mafuta ya kula uliendelea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3 zitakazotegemea mvua pekee. Kazi ilianzia Kongwa, baada ya uchunguzi wa wiki chache tu.

Huko pia udongo ulikuwa na mfinyanzi, lakini mvua zilipokatika uligeuka mgumu kama saruji, na karanga zikanasa ardhini. Ukame ukaongeza hasara. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umewagharimu walipa kodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36.

Wagogo, wenyeji wa nyanda hizo, walitegemea mtama na uwele, mazao yanayostahimili kiangazi cha kwao.

Kalenda inayobadilika

London nayo imeonja ukame. Mwaka 1976 bunge lilipitisha sheria ya dharura kuhusu maji. Julai 2022 joto lilipita nyuzi 40 katika uwanja wa Heathrow, magharibi mwa jiji hilo, na mwezi uliofuata wakazi wengi wakakatazwa kumwagilia bustani kwa mipira.

Hivyo swali lililopuuzwa Kongwa mwaka 1947 sasa linawahusu wakulima wa bustani za London: si mvua kiasi gani itanyesha, bali itanyesha lini, na udongo utaihifadhi kwa muda gani.