Upande wa Hewa Safi

Hewa ya Hirbadaw ni nyepesi kuliko hewa ya Tanga. Uwanda wa juu unaotoka Haydom, wilayani Mbulu, kuelekea Basotu, wilayani Hanang, uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, kila lita ya hewa imepungua uzito kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Mtu aliyezaliwa huko halijui hilo, maana kifua chake kilishazoea tangu utotoni. Injini ndiyo inayolalamika, kwa sababu injini nyingi zinazopanda Hanang zimezaliwa kwingine.

Injini haichomi mafuta peke yake. Inachoma mafuta na hewa kwa uwiano. Gramu 1 ya petroli inahitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote bila kubaki mafuta wala oksijeni. Dizeli inahitaji karibu kiasi hichohicho, ila injini ya dizeli kwa kawaida huvuta hewa nyingi kupita mahitaji. Uwiano ukishuka hadi karibu 18 kwa 1, moshi mweusi huanza kutoka. Ukiona lori limebeba vitunguu saumu, linapanda mlima wa Dareda huku likiacha wingu jeusi nyuma, unaona uwiano huo ukivunjika mbele ya macho yako. Mafuta yanaingia kama kawaida, hewa ndiyo haitoshi.

Namba hiyo ina historia yake. Kwa muda mrefu hakuna aliyeiona. Watu waliisoma kwa alama.

Fundi wa kabureta alifungua plagi na kutazama ncha yake. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na injini iko hatarini kuungua. Ikiwa ya kahawia, funga, gari liende. Kabureta halijui kama limepanda mlima. Tundu lake hupitisha mafuta kwa kipimo lilichotobolewa, na kadiri hewa inavyopungua uzito, ndivyo mchanganyiko unavyolemea upande wa mafuta. Ndiyo maana gari lililotengenezwa vizuri Dar es Salaam lilifika nyanda za juu likiwa zito, linanuka petroli na linatumia zaidi.

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwalazimisha watengenezaji wa Ulaya kulitambua jambo hilo. Njia zake za miaka hiyo zilishuka hadi pwani na kupanda milima, Mbulu ikiwemo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7 tu. Matope na mawe ndiyo yaliyoua mengi. Lakini hata yaliyosalimika yalikuwa yamepita, kwa siku chache, katika hewa nzito ya bahari na hewa nyepesi ya milimani kwa kabureta moja.

Malori ya dizeli yalikuwa na shida yao. Pampu ya zamani ilipima mafuta kwa mwendo wa injini na mguu wa dereva, wala haikuuliza hewa ikoje. Fundi aliyeijua nchi alipunguza mafuta kwa skrubu ya pampu, akisikiliza sauti na kutazama moshi. Huo ulikuwa upimaji pia. Rekodi yake haikuandikwa popote, ilikaa sikioni mwake na aliondoka nayo.

Kifaa kilichobadilisha mambo kilitoka mbali na gereji. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia wa Ujerumani Walther Nernst, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1920, alieleza jinsi tofauti ya vitu pande mbili za kizuizi inavyoweza kuzaa umeme. Kutokana na fikra hiyo, kampuni ya Bosch ilitengeneza kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita sensa. Si sensa ya kuhesabu watu. Ni kijiti cha madini ya zirkonia kinachopachikwa kwenye bomba la moshi. Upande wake wa nje unaguswa na moshi, upande wa ndani unaguswa na hewa safi ya nje. Kikipata moto, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inatoa umeme mdogo. Volvo ilianza kukitumia mwaka 1976 kwa magari ya soko la California, ambako sheria za moshi zilikuwa kali.

Kwa nini hakikufika kwetu wakati huo? Sababu moja ilikuwa ndani ya petroli yenyewe. Petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huipaka sensa mpaka ikafa. Mwezi Juni 2001, wawakilishi wa nchi za Kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa risasi kwenye petroli kufikia mwisho wa mwaka 2005. Sababu kuu ilikuwa afya ya watoto, maana risasi hudhuru ubongo. Lakini azimio hilohilo lilifungua mlango kwa sensa kuishi kwenye barabara za Afrika Mashariki.

Sensa ya mwanzo ilikuwa na jibu moja tu: mafuta yamezidi au hewa imezidi. Ilikuwa kama mzee anayejibu ndiyo au hapana. Kwa lori la dizeli haikufaa, kwa sababu dizeli karibu wakati wote hewa imezidi, na jibu lingekuwa lilelile kutoka Katesh hadi Haydom. Miaka ya 1990 ikaja sensa pana. Honda Civic VX ya mwaka 1992 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuibeba. Hii ina chumba kidogo ndani, na umeme unaosukuma oksijeni kuingia au kutoka mpaka chumba kiwe katika uwiano kamili. Kiasi cha umeme uliotumika kusukuma ndicho kinachosema uwiano wa moshi wote ulikuwa ngapi: 15, 18, 25, 40. Kwa mara ya kwanza alama ya moshi iligeuka namba.

Namba ikishakuwepo, inaweza kutunzwa. Malori mengi hayakutoka kiwandani na sensa hiyo, kwa hiyo fundi anachomelea kiti chake kwenye bomba la moshi, anafunga kiboksi cha kuiendesha, kisha anapeleka waya wake kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo gerejini huitwa kontroli boksi. Kiboksi hutoa umeme kati ya volti 0 na 5, na kila volti ina uwiano wake. Kompyuta inayapokea hayo pamoja na mambo mengine inayoyajua tayari: mizunguko ya injini, mguu wa dereva, shinikizo la turbo, joto la hewa inayoingia. Yote yanaandikwa kwa mstari mmoja wa wakati, mara kadhaa kila sekunde. Lori likirudi, fundi anafungua kompyuta ndogo na kuona mlima mzima umeandikwa. Hapa dereva alikanyaga, hapa turbo ilichelewa, hapa uwiano ulianguka hadi 17 na moshi ukatoka.

Kuna mtego mmoja ambao mafundi wa umeme wanaujua. Ikiwa waya wa ethi wa kile kiboksi umefungwa mahali pamoja na ethi ya kompyuta imefungwa mahali pengine, volti hupotoka kidogo, na namba zote huhama. Grafu inatoka safi na nzuri kuitazama, na ni ya uongo. Kosa halimo kwenye sensa wala kwenye moshi. Limo katika ardhi ambayo kila upande unaihesabu kuwa sifuri.

Ninasoma historia, na somo hilo la ethi limenisaidia kuisoma Hanang kuliko nilivyotarajia. Uwanda huu ulishawahi kupimwa sana. Kuanzia karibu mwaka 1970, Tanzania na Canada zilianzisha kilimo kikubwa cha ngano hapa chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Kwa jumla ardhi iliyochukuliwa ilikuwa kama ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilikuja kutoka nchi ya wafadhili, na kila kitu kikaandikwa: ekari zilizolimwa, tani zilizovunwa, mafuta yaliyotumika, vipuri vilivyoagizwa. Ripoti zililinganisha mavuno na yale ya nyanda za Canada, na mara nyingi ulinganisho huo ulileta sifa.

Mavuno hayo yalikuwa ya kweli, na ngano ililiwa mijini. Lakini mkate huo ulikuwa na upande wa pili, na upande huo haukuwa na safu katika vitabu. Wabarbaig walikuwa wakihamisha ng'ombe kwa majira, na ardhi nzuri ya Basotu, waliyoiita muhajega, ilikuwa sehemu ya mzunguko huo. Ukiiondoa, malisho yaliyobaki yanabeba mzigo wote. Walilalamika pia kwamba matrekta yalilima juu ya bung'eda, makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima kubwa. Tani kwa ekari ni uwiano, na uwiano huo ulipimwa kwa kuweka sifuri mahali ambapo palikuwa na ng'ombe, njia na makaburi.

Jambo hilo lilifika mahakamani. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakashinda. NAFCO ilikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua dhidi ya kijiji: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile, na watu mmoja mmoja walitakiwa kuthibitisha kwamba waliikalia kwa haki ya kimila. Mwaka 1987 serikali ikatoa tangazo la kufuta haki za kimila katika ardhi husika ya Hanang. Wenye kumbukumbu za mdomo walidaiwa karatasi, na shirika lenye karatasi halikudaiwa kueleza karatasi zake zilianza kuhesabu kutoka wapi.

Mradi wa Canada uliisha miaka ya 1990. NAFCO nayo ilikwisha, na baadhi ya mashamba yaligawiwa wananchi huku mengine yakienda kwa wawekezaji. Matrekta yanayolima Hirbadaw leo ni ya watu binafsi, na malori yanayobeba mavuno mengi yao ni ya mitumba, yaliyopangiwa kompyuta zao katika nchi za usawa mwingine wa hewa.

Kwa hiyo kijana anayejifunza kusoma kumbukumbu za injini huku anafanya kazi kubwa kuliko kupunguza moshi. Kwanza aandike kimo na shinikizo la hewa la siku hiyo, maana 18 ya Hirbadaw imepatikana kwa hewa ndogo kuliko 18 ya Tanga. Pili aikague ethi kabla ya kuisifu grafu. Tatu amwite fundi mzee wa pampu atazame moshi wakati grafu inachorwa, ili sikio la mmoja na namba za mwingine viwe kwenye rekodi moja kabla mzee hajaondoka.

Sensa ile ya kwanza ya Nernst na Bosch haikuweza kusema lolote bila hewa safi upande wa ndani. Ukiziba tundu dogo linaloingiza hewa hiyo, umeme unashuka na kompyuta inaamini hewa imezidi, inaongeza mafuta, na injini inameza hasara huku ikionyesha kwamba mambo ni shwari. Hanang imewahi kuendeshwa hivyo kwa miaka zaidi ya 20. Vitabu vya mashamba bado vinaweza kusomwa, ila msomaji atapaswa kwenda na ushahidi wa Wabarbaig mkono wa pili.