Mkojo Mweusi Baada ya Mbio

Akina mama na walezi wa Naitiri, vijana wetu hukimbia alfajiri wakingojea usajili wa jeshi. Umewahi kumwuliza wako mkojo wake una rangi gani?

Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall walieleza habari za watu wanne waliofukuliwa kwenye vifusi. Walionekana kupata nafuu, kisha figo zikakataa kazi, wakafa. Baadaye ilijulikana kwamba msuli uliopondeka humwaga rangi yake katika damu, ikaumiza figo. Mbio za kupita kiasi juani huvunja msuli vivyo hivyo.

Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya wanajeshi weusi 47,944 wa Marekani. Waliorithi seli mundu kwa mzazi mmoja tu, na kwa kawaida hawaugui, hatari yao ya kuvunjika misuli ilizidi kwa asilimia 54. Urithi huo upo kwa wingi hapa magharibi, maana hukinga dhidi ya malaria kali. Lakini vifo havikuzidi: jeshi lile lilikuwa na sheria ya maji na mapumziko kwa wote.

Mama, mapaja yakivimba na mkojo ukiwa kama chai isiyo na maziwa, usimpe dawa ya maumivu. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.