Fleti ya Julia: Diahann Carroll na Kosa la Kupendeza

Wahakiki wengi wa tamthilia ya televisheni ya Julia wamemhukumu Diahann Carroll, aliyemwigiza Julia, kwa kosa la kupendeza. Muuguzi mjane kama Julia, wanadai, hawezi kuvaa namna ile wala kuishi katika fleti iliyopambwa namna ile. Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya: Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, miji ya Marekani ikawaka moto, na Septemba mwaka huohuo televisheni ya NBC ikaanza kumrusha Julia na tabasamu lake. Lawama hiyo ina uzito, ila naona imetwishwa asiyestahili.

Carroll alikulia Harlem, na akiwa na miaka 15 alikuwa tayari anapigwa picha za mitindo kwa jarida la Ebony. Hata tuzo ya Tony ya mwaka 1962 aliipata kwa kumwigiza mwanamitindo anayeishi Paris, katika No Strings. Kazi aliyoijua kabla ya zote ni kutazamwa: jinsi ya kusimama, kugeuza shingo, kuliacha vazi lizungumze. Akaingia nayo kwenye televisheni, ambako mwanamke mweusi alizoeleka kuonekana amefunga aproni katika jiko la watu, kama Beulah, mhusika wa tamthilia ya miaka ya 1950. Mahali kama hapo, kujipamba kwa ajili ya nafsi yako ni dai zito. Kampuni ya Mattel ilipotoa mwanasesere wa Julia mwaka 1969, mtoto mweusi alimshika mkononi muuguzi mwenye sare nyeupe, mwenye kazi na jina lake.

Udhaifu wa tamthilia uko kwenye kalamu. Tazama kipindi cha kwanza: Julia anaomba kazi kwa simu, na kabla ya kuonana na mwajiri mtarajiwa, Dakta Chegley, anamtajia kwamba yeye ni mweusi. Daktari anamuuliza kama amekuwa hivyo siku zote au anafuata mtindo tu. Mzaha huo unamvua mwanamitindo silaha yake, maana simuni haonekani, kisha unalifunga jambo zima kwa kicheko. Aliyeandika hivyo ni Hal Kanter, si Carroll.

Ushahidi kwamba kosa lilikuwa la kalamu ni filamu ya Claudine ya 1974. Diana Sands, aliyeteuliwa kumwigiza Claudine, alishikwa na saratani, akampendekeza Carroll achukue nafasi yake. Alipopewa maneno yenye uzani, Carroll aliyabeba hadi akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Claudine ni mama wa watoto sita Harlem, anayepokea msaada wa serikali huku akifanya kazi za ndani kwa siri. Ofisa wa ustawi akibisha hodi, mama na wanawe wanakurupuka kuficha vyombo vya ndani, kwa sababu kila kizuri kitakachoonekana kitawapunguzia posho. Carroll anafungua mlango nyumba ikiwa imeshavuliwa mapambo yote, naye amesimama wima vilevile.