Jina la Kisukari na Mpaka Wake: Maelezo ya Kihistoria Pamoja na Mfano wa Bariadi

Maradhi mengi katika Kiswahili yametiwa katika ngeli ya KI-: kifafa, kichocho, kisonono, kifaduro, kipindupindu, kiseyeye. Baadhi ya majina hayo yaeleza hali ya mgonjwa mwenyewe, na mengine asili yake haionekani upesi. Kisukari kimefuata mkondo huo huo, ila chenyewe kimejengwa juu ya jina la kitu cha kuliwa. Na mtu aombaye kisukari sokoni huenda akapewa kichane cha ndizi ndogo tamu, kwani nazo zaitwa hivyo. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi jina hilo lilivyokuja kukutana na tarakimu, na kwa nini tarakimu hizo, ziandikwapo katika cheti cha mtu aliyepimwa damu katika mji kama Bariadi, hazisomeki vema pasipo kujua zilikotoka.

Wayunani waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kupita, kwa sababu maji yalimpita mgonjwa kana kwamba mwili wake ni mfereji. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, nao walikuwa wameona kwamba sisimizi huuendea mkojo huo. Huko Uingereza, katika karne ya 17, tabibu Thomas Willis alirudia kusema kwamba mkojo wa wagonjwa hao ni mtamu. Na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha hata ukakauka, akabakiwa na kitu kama sukari, kisha akaonyesha kwamba utamu huo umo katika damu pia. Msomaji ataona kwamba wengi wa watu hao walitazama mkojo kwanza. Kiswahili kimeuacha mkojo kikashika sukari yenyewe, na neno sukari nalo, ingawa lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, asili yake ya mbali ni huko huko Bara Hindi.

Uteuzi huo una faida, maana mtu asikiapo jina hushika mara moja jambo moja la kweli. Lakini pia una hasara. Wengi hudhani kwamba mgonjwa ni yule alaye sukari nyingi, na kwamba asiyetia sukari katika chai yake amesalimika. Kumbe sukari ipimwayo katika damu yatokana na vyakula vingi vya wanga: ugali wa mtama au wa mahindi, mihogo, na hata michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo Wasukuma wamevitumia tangu zamani kuvuka miezi ya njaa. Mtu wa Bariadi aambiwapo kwamba ana sukari katika damu, si ajabu akajibu kwa haki kabisa kwamba yeye halambi sukari.

Katika Afrika ya Mashariki, miongoni mwa habari za mwanzo zilizoandikwa na matabibu wa Kizungu ni zile za Albert Cook, mmisionari wa Mengo huko Uganda, aliyesema mwaka 1901 kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra, lakini aliyeupata hufa. Maneno hayo yametajwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba Waafrika hawakuwa na kisukari. Kwa maoni yangu yapasa kusomwa kwa uangalifu. Tabibu wa siku zile aliwaona wale tu waliofika kwake wamekonda, wana kiu isiyokatika na mkojo usiokoma. Insulini haikuwapo, mtu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo alikuwa kijana wa Toronto, Januari 1922. Tena kipimo kilikuwa cha mkojo. Baadaye ilienea dawa ya shaba ya Stanley Benedict, ambayo huchemshwa pamoja na mkojo ikageuka kutoka buluu kwenda kijani, manjano, na mwisho wekundu wa tofali. Wahudumu wengi wa hospitali za misheni na za serikali waliifahamu rangi hiyo kuliko tarakimu yoyote. Lakini figo hazimwagi sukari katika mkojo mpaka ile ya damu ifike kadiri ya milimoli 10 kwa lita. Mtu mwenye 8 au 9 angaliweza kuchemshiwa mkojo wake mara kumi, na rangi ikabaki buluu, naye akarudi nyumbani akiambiwa kwamba ni mzima.

Hata hivyo isisemwe kwamba unadra ule ulikuwa ni upofu wa kipimo tu. Profesa Donald McLarty wa Dar es Salaam na wenzake, wakiwamo Watanzania, walipima damu ya watu wa vijiji 6 katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kutangaza matokeo mwaka 1989. Walitumia njia kamili, yaani kumnywesha mtu maji ya glukosi na kumpima tena baada ya saa 2. Waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika 100. Mara ni jirani wa nchi ya Bariadi, na maisha ya wakulima na wafugaji wa pande hizo mbili hayakuwa mbalimbali sana. Cook basi hakukosea kwa jambo lenyewe. Alichokosa ni kundi la pili, ambalo McLarty na wenzake waliliona kuwa kubwa mara kadhaa kuliko la wagonjwa: watu ambao sukari yao haikufika mpaka, wala haikuwa ya kawaida.

Na mpaka wenyewe ni nini? Hapa ndipo historia inapomhusu mtu ashikaye cheti mkononi. Sukari ya damu haina ukuta kati ya mzima na mgonjwa. Yapanda kidogo kidogo kutoka mtu hadi mtu, nao wataalamu huchora mstari mahali ambapo madhara, hasa ya macho, yaanza kuonekana. Mwaka 1985 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishika kwamba aliyefunga kula usiku kucha akakutwa na milimoli 7.8 kwa lita, katika plazima ya mshipa, ana kisukari. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani waliushusha mstari hadi 7.0, na mwaka 1999 Shirika likafuata. Mtu aliyekuwa na 7.4 mwaka 1990 hakuwa mgonjwa kwa kipimo hicho. Mwaka 2000, akiwa na 7.4 ile ile, alikuwa mgonjwa. Mwilini mwake halikugeuka neno. Kwa hiyo pia uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, uliokuta kisukari kwa watu kadiri ya 9 katika 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, haufai kuwekwa ubavuni mwa ule wa 1989 na kutolewa hesabu ya moja kwa moja. Ongezeko lipo, hilo halina shaka. Lakini umri wa waliopimwa, njia ya kupima na mstari wenyewe vilikuwa tofauti.

Mwaka huo huo wa 2012 Bariadi ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, ambao sehemu yake kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga. Makao ya mkoa huja na ofisi, hospitali ya ngazi ya juu, na vipimo ambavyo zamani mtu alivifuata Mwanza. Kimojawapo ni kile kiandikwacho HbA1c, ambacho hakitazami sukari ya saa ile bali kadiri ya sukari iliyoshikamana na hemoglobini kwa muda wa miezi 2 au 3 iliyopita. Chanzo chake ni kazi ya Samuel Rahbar huko Tehran, ambaye mwaka 1968, akitafuta hemoglobini zisizo za kawaida, aliikuta moja kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2011 Shirika la Afya lilikubali kwamba asilimia 6.5 yaweza kutumika kutambua kisukari. Nao Wamarekani huiita 5.7 hadi 6.4 hali ya kukaribia.

Kipimo hiki kina urahisi wake, kwa kuwa mtu hana haja ya kufunga. Lakini kimejengwa juu ya dhana kwamba chembe nyekundu za damu huishi umri wake wa kawaida, kadiri ya siku 120, na kwamba hemoglobini yake ni ya aina ya kawaida. Katika nchi ya Wasukuma dhana hiyo haisimami sawasawa. Malaria huua chembe kabla ya wakati wake. Na uchunguzi wa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kadiri ya mtoto 1 katika 5 amerithi vinasaba vya selimundu kwa mzazi mmoja. Mtu wa namna hiyo si mgonjwa, wala aghalabu hajui; A. C. Allison alikwisha kuonyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Afrika ya Mashariki, kwamba urithi huo humkinga mtu na malaria. Hata hivyo kwake HbA1c huweza kusoma chini ya ukweli, na mashine nyingine hukosea zaidi. Upungufu wa madini ya chuma nao huipandisha. Basi 6.2 ya Bariadi yaweza kuficha kisukari, au kukisingizia.

Kwa sababu hiyo cheti chenye tarakimu pekee ni nusu ya habari. Yapasa kionyeshe kama damu ilikuwa ya kidole au ya mshipa, kama mtu alifunga saa 8 au alikuwa amekula, na ni kipimo gani kilichotumika. Aliyefunga akapata chini ya 6.1 yu katika kawaida, 6.1 hadi 6.9 ni hali ya katikati, 7.0 na zaidi ni kisukari, lakini kwa mtu asiye na kiu wala dalili nyingine sharti apimwe tena siku ya pili kabla ya kuitwa mgonjwa. Baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, mpaka ni 11.1. Kipimo cha HbA1c kikikataa kupatana na cha sukari yenyewe, cha sukari ndicho cha kuaminiwa katika nchi yenye selimundu nyingi.

Limebaki suala la lugha. Hali ya katikati haijapata jina lililokaa katika vinywa vya watu. Mhudumu husema “sukari imepanda”, au “una sukari kidogo”. Usemi wa kwanza wafanana na ule wa presha, mtu akadhani itashuka yenyewe kesho. Wa pili humfanya mmoja apuuze, na mwingine arudi kijijini akijihesabu kuwa amekwisha patwa, akaanza kunywa mizizi. Kuna waandikao “kisukari tarajali” na waandikao “dalili za kisukari”, na hilo la mwisho ni kosa, kwani dalili ni kiu na kukonda, na mtu huyu hana. Mimi ningependelea “sukari ya mpakani”. Wakulima wa pamba wa Ntuzu wajua mpaka wa shamba ni nini: kwamba uliwekwa na watu, kwamba huweza kusogezwa, na kwamba asimamaye juu yake hajaingia bado kwa jirani.