Njia Inapokatika: Terminali na Ufundi wa Kutafuta Kilichoiangusha

Kabla ya kuingia kwenye kompyuta, neno terminali, lenye asili ya Kilatini terminus, yaani mpaka au mwisho, lilikuwa neno la reli. Mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, unalijua kwa maana hiyo ya zamani. Reli ya CFL, kampuni iliyoundwa 1902 na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, iliunganisha Kindu na Kongolo mwishoni mwa 1910, umbali wa kilomita 355. Tangu hapo mji huo wa ukingoni mwa mto Lualaba umekuwa mahali gari la moshi linapoishia na mzigo kuhamishiwa majini kwenda Ubundu. Terminali ya kwanza ya kompyuta nayo ilikaa mwisho wa njia: haikufikiri lolote, ilipokea herufi kutoka kwenye waya na kurudisha nyingine.

Mashine yenyewe ilikuwa taipureta ya umeme. Teletype Model 33, iliyotoka 1963, ilipiga herufi kumi kwa sekunde juu ya karatasi, na ndiyo waliyoitumia Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kutengeneza Unix katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1969. Jina lake lilifupishwa kuwa tty. Nusu karne baadaye, mtu akifungua dirisha jeusi kwenye Linux na kuandika amri ya tty, mfumo bado humjibu kana kwamba ameketi mbele ya taipureta. Ukaidi huo wa mfumo unaeleza sehemu kubwa ya ajali zinazotokea ndani ya dirisha hilo.

Mfano ulio wazi zaidi ni ishara namba 1, SIGHUP, ambayo maana yake ni kwamba simu imekatwa. Terminali za mbali ziliunganishwa kwa modemu juu ya waya wa simu. Laini ilipokufa, mfumo uliona mtumiaji ameondoka, ukaziarifu programu zake, nazo kwa kawaida zikafa. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kompyuta moja ilihudumia watu wengi na hapakuwa na sababu ya kuacha kazi isiyo na mwenyewe iendelee. Aliyetaka kazi yake ibaki hai alitumia amri ya nohup, ambayo huifanya programu ipuuze ishara hiyo. Siku hizi modemu hizo ni nadra, lakini anayefunga dirisha na kukuta kazi ya saa nzima imetoweka amekutana na sheria hiyohiyo.

Programu nyingine hufa kwa kosa lake yenyewe. Kumbukumbu za kompyuta za zamani zilikuwa pete ndogo za sumaku, zilizoitwa core, yaani kiini. Programu ilipoanguka, yote yaliyokuwa ndani ya kumbukumbu yalimwagwa ili fundi ayasome. Pete zimekwisha kusahauliwa, ila faili la mabaki bado linaitwa core. Mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wake kuwa sifuri, hivyo fundi asiyetangulia kuandika ulimit -c unlimited hukuta hakuna maiti ya kuchunguza. Akilipata, hulifungua kwa gdb, chombo kilichoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, ambacho humwonyesha mlolongo wa hatua hadi mstari uliovunjika.

Hata bila faili hilo, namba ya kuondokea husema mengi, nayo hupatikana kwa echo $?. Inapozidi 128, tofauti ndiyo ishara iliyoua. 139 ni ishara 11: programu iligusa kumbukumbu isiyo yake. 137 ni ishara 9, ambayo haikataliki. Mara nyingi hutoka kwa Linux yenyewe, kumbukumbu inapokwisha na mfumo kulazimika kuchagua wa kutolewa kafara. Namba 129 ni simu iliyokatwa. Inashangaza ni mafundi wangapi huanza kwa kufuta programu na kuiweka upya kabla ya kuisoma namba hiyo moja.

Tena kuna vifo vya uongo. Vidole vikigusa Ctrl-S kwa bahati mbaya, skrini huganda kabisa, kwa sababu kwenye taipureta ishara hiyo ilisimamisha mtiririko wa herufi; Ctrl-Q huuachilia. Na programu ikifa kabla ya kurudisha mipangilio ya skrini, herufi hugeuka vinyago au maandishi hayaonekani. Amri ya reset hutosha.

Kindu ilizoea njia kukatika kabla kompyuta hazijawa jambo la kawaida. Waasi wa RCD waliuteka mji Oktoba 1998, na treni haikurudi hadi 2004. Kama kwingine mashariki mwa Kongo, habari zilipita kwa fonie, redio ya mawimbi mafupi. Mpiga fonie aliyepotewa na sauti alikuwa na mpangilio wake: kwanza betri, kisha antena, kisha saa yenyewe, maana mawimbi ya asubuhi si ya jioni. Baadaye zilikuja simu za mkononi na sahani za setilaiti. Kebo ya baharini ya WACS iliingia Kongo mwaka 2013, ila kwa Muanda, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Kindu.

Kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, herufi hurudi baada ya nusu sekunde au zaidi, na mvua kubwa huweza kuikata kabisa. Anayeendesha seva ya mbali kwa SSH huona skrini imesimama na kusema programu imeplante, kwa neno la Kifaransa, ilhali kilichokufa ni rezo, yaani mtandao. Tiba yake ni ya 1987, mwaka ambao GNU Screen ilitoka Berlin; tmux ilifuata 2007. Zote mbili huweka terminali ya kubuni kwenye seva yenyewe, ishara ya kukatwa simu isiifikie kazi. Rezo ikirudi, fundi huingia upya na kuandika tmux attach. Akikuta kazi inaendelea, basi njia ndiyo iliyokatika. Akikuta imekufa, huanza na namba ya kuondokea.